Jina la koperative kwenye intaneti: karatasi iko kwa nani?

Chukua telefone yako, andika «Mongbwalu» kwenye Google, uone. Sisi wa sendika tulifanya hivyo zaidi ya mara moja, kwa telefone mbalimbali. Zinatangulia habari za vita na za watu waliouawa. Kisha zinakuja ripoti za mashirika ya Ulaya, halafu kampuni zinazotafuta wenye pesa. Na ukiongeza neno «dhahabu», unakutana na watu wanaouza dhahabu kwa bei ambayo hakuna mchimbaji wa Djugu amewahi kuisikia. Wachimbaji wenyewe? Utashuka chini mpaka kidole kichoke.

Hatusemi wengine wasiandike juu yetu. Lakini mnunuzi wa Dubai, wakili wa Kinshasa ama mtoto wetu anayesoma Kisangani akitafuta habari zetu, anasomewa na watu wengine. Ndiyo maana siku hizi koperative nyingi za hapa zinataka tovuti yao. Tangu sheria ya madini ya 2018 ilipotutaka sote tuwe ndani ya koperative, kila moja inataka kuonyesha kwamba ipo, ina biro, ina sitampu. Vijana wa mjini Bunia wenye ordinatere nao wamegundua soko: «Papa, nitawatengenezea tovuti, dola mia mbili tu.» Hatuwazuii, vijana wale wanajua kazi. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kutoa pesa, wanakoperative waulize maswali yanayofaa. Na swali la kwanza si picha wala rangi. Ni jina.

Tovuti ina vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna jina, lile unaloandika ili kufika, linaloishia na .com, .org ama .cd. Wenye kazi wanaliita domeni. Kisha kuna nafasi, ndiyo kusema ile mashine kubwa, seva, inayotunza maandishi na picha zenu usiku na mchana. Fikirieni parseli na nyumba. Nyumba inaweza kubomoka ukaijenga tena. Lakini kama karatasi ya parseli imeandikwa jina la mutu mwingine, hata ukipaka rangi kila mwaka, siku moja atakuja na karatasi yake mkononi. Watu wa Bunia hatuna haja ya kufundishwa kesi za parseli.

Tuliwahi kuitwa kusaidia koperative moja ambayo hatutaitaja. Tovuti yao ilikuwa nzuri, na anwani yake walikuwa wameiandika kwenye sitampu na kwenye ukuta wa biro. Aliyewatengenezea alisajili jina kwa barua-pepe yake mwenyewe na kulilipa kwa kadi ya benki ya ndugu yake wa Kampala, maana koperative haikuwa na kadi. Hakuwa na nia mbaya. Kisha vita vikafika, watu wakakimbia, kijana akahama na kubadilisha nimero. Barua za kukumbusha malipo zilikuwa zinaingia kwenye barua-pepe ambayo hakuna aliyekuwa anaifungua. Jina likaisha muda, likarudi sokoni, mutu asiyejulikana akalinunua. Baada ya miezi, tovuti ile ikafunguka tena, na jina la koperative lilelile, sasa ikiuza dhahabu kwa watu wa nje: tuma kwanza pesa ya usafiri, mzigo utakuja. Wazee wa koperative walijua siku walipopigiwa simu na mgeni mwenye hasira anayedai dola zake.

Jina halikurudi. Walichukua jingine, wakafuta ukuta, wakachonga sitampu mpya. Kuna watu huko nje ambao mpaka leo wanaamini wazee wale ni wezi.

Musifikiri ni mambo ya watu wa kijijini tu. Nchi nzima ilikaribia kupata hasara ya namna hiyo. Wazee wanakumbuka kwamba zamani za Zaire majina yetu ya intaneti yalikuwa yanaishia na .zr. Mwaka 1997 nchi ilipobadilisha jina, tukapewa .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Sasa, mutu akitafuta tovuti yoyote ya .cd, mashine yake lazima iulize kwanza seva fulani: tovuti hii iko wapi? Moja ya seva hizo ilikuwa na jina scpt-network.com, la SCPT, shirika letu la posta na simu. Mwishoni mwa 2020 jina lile liliachwa likaisha muda, kama lile la koperative yetu. Mtafiti mmoja wa Uswidi, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify, aliliona, akalinunua mwenyewe mbele ya wezi, kisha akawaarifu wahusika. Mwanzoni mwa Januari 2021 mambo yakarekebishwa. Kama angekuwa mutu mbaya, karibu nusu ya maswali yote ya .cd yangepita mikononi mwake, na angeweza kuwapeleka watu kwenye tovuti za uongo pasipo wao kujua. Jina moja tu, na bei yake ya mwaka ni kama ya mfuko mdogo wa mchele.

Kwa hiyo, wana koperative: jina lisajiliwe kwa jina la koperative, kwa barua-pepe ya koperative, na neno la siri la kuifungulia lijulikane na watu wawili ama watatu wa kamati, liandikwe na kufungiwa pamoja na vitabu vya hesabu. Kama mnalipa kupitia kadi ya mutu mwingine, ni sawa, kadi si mwenye mali. Lakini hakikisheni kwamba kwenye karatasi ya usajili hakuandikwa yeye. Jina la .com ama .org linapatikana kwa dola kumi na kitu kwa mwaka, la.cd kwa kawaida ni ghali kidogo. Mkiweza, lipeni miaka kadhaa kwa mara moja. Hapa kwetu hakuna anayejua mwaka ujao atakuwa amelala wapi.

Na tarehe ya mwisho mnaweza kuiona wenyewe, bure, bila kumuuliza kijana. Fungueni lookup.icann.org, andikeni jina lenu la .com ama .org, tarehe itatokea. Jina likiisha muda halipotei siku hiyohiyo. Wauzaji wengi wanatoa kwanza siku za huruma, pengine mpaka 45, ulipe bei ya kawaida. Zikipita, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini kubwa. Kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna la kufanya, na baada ya hapo ni la yeyote. Wezi wanaijua hesabu hii kichwani.

Juu ya nafasi hatutasema mengi. Kuna wanaosema tuweke seva yetu wenyewe biro ili tusilipe mutu. Kwa umeme huu tunaoujua? Pangeni kwa wenye kazi hiyo, dola chache kwa mwezi zinatosha tovuti ndogo. Angalieni tu mtego wa mwaka wa kwanza: bei ya kuanza inakuwa chini, mwaka wa pili inapanda hata mara mbili. Ulizeni pia kama wanapokea pesa kwa telefone, maana wako wanaopokea. Ile alama ya kufuli ambayo programu nyingine za intaneti zinaiweka mbele ya anwani, inayoonyesha kwamba mazungumzo yamefungwa, isiwatoe pesa. Tangu 2015 shirika la Let's Encrypt linaitoa bure, na wapangishaji wengi wanaiweka wenyewe.

Jambo moja tu la nafasi tunasisitiza, ni nakala. Tarehe 10 Machi 2021, kule Strasbourg, Ufaransa, jengo la kampuni kubwa ya OVHcloud liliungua usiku. Tovuti nyingi sana zilizimika, na wengine walipoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale moto ulipokuwa. Kama Ufaransa kunaungua, sisi ni nani? Kila mwezi mutu mmoja apakue tovuti yote, aiweke kwenye fleshi, na fleshi ilale nyumba nyingine.

Sasa, mmepata jina na nafasi, tovuti imefunguka, na Google bado haiwajui. Vijana wengine watawaambia: ongeza dola mia, tutawapandisha namba ya kwanza. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuahidi namba ya kwanza. Ukitaka kutokea juu kwa pesa, hiyo ni tangazo, na linaandikwa kwamba ni tangazo. Nafasi nyingine haziuzwi.

Kazi yake iko hivi. Google ina programu inayotembea usiku na mchana, inafuata kiungo kutoka ukurasa mmoja mpaka mwingine, inasoma maandishi na kuyaweka kwenye kitabu chake kikubwa. Mutu akiuliza, inatafuta ndani ya kitabu. Ukurasa ambao hakuna kiungo kinachoufikia ni kama shimo ambalo hakuna njia ya kwenda. Ndiyo maana toka mwaka 1998 Google ilipoanza, wamehesabu viungo kama ushuhuda: ukitajwa na wengi wanaoaminika, unapanda. Sisi tunajua mambo haya, hata negosian hapokei mutu mpya bila mutu wa kumtambulisha. Ombeni parokia, redio na mashirika mnayofanya nayo kazi waweke kiungo chenu kwenye tovuti zao. Pia kuna chombo cha bure cha Google kinaitwa Search Console, ambapo unawaonyesha tovuti yako na kuona ni maneno gani watu waliandika mpaka wakafika kwako. Subirini siku kadhaa, pengine majuma. Haina haraka.

Lakini sehemu kubwa ni maneno, na hapo ndipo watu wa Ituri tuna shida yetu peke yetu. Andika «Kilo» uone. Google inafikiri unauliza uzito. Andika «Kilo Moto», na pengine utaletewa pikipiki, maana kwa Kifaransa moto ni pikipiki, na kwa Kiswahili ni moto wa kuunguza. Babu zetu waliochimba Kilo-Moto hawakujua watatuachia fumbo hili. Kwa hiyo msiandike «Kilo» peke yake. Andikeni «machimbo ya dhahabu ya Kilo, teritware ya Djugu, Ituri». Na Mongbwalu, kila mutu anaiandika kivyake: Mongbwalu, Mongbalu, Mungwalu. Tumieni ile ya serikali kwenye kichwa cha habari, lakini ndani, mahali fulani, semeni kwamba wengine wanaiita hivi na hivi, ili yule anayetafuta kwa tahajia yake awapate. Si kurudia jina mara mia, maana Google inaona ujanja huo na kuwashusha.

Kichwa cha ukurasa kisiwe «Karibu». Tovuti ngapi duniani zinasema karibu? Kiwe jina la koperative, kazi yake na mahali. Kiswahili kiwe na ukurasa wake, Kifaransa na wake. Na tafadhali, ile tabia ya kuandika tangazo kwenye karatasi, kulipiga picha na kuweka picha: acheni. Maandishi ndani ya picha mara nyingi Google hayashiki, na mama aliye kwenye machimbo hana mega za kuyafungua. Tufanye hesabu. Picha moja ya telefone ni mega 4 ama 5. Mwenye mega 100 atafungua ukurasa wenu mara 20 ama 25, kisha amekwisha. Ukurasa wa maandishi na picha moja iliyopunguzwa unaweza kuwa na uzito wa mega 0.2, na kwa mega zilezile ataufungua mara 500.

Wengine watauliza: na Facebook je? Endeleeni nayo, watu wako kule. Lakini ukurasa ule unafungwa na akaunti ya aliyeufungua, akaunti hiyo mara nyingi iko kwenye telefone yake, na telefone za Bunia zinaibiwa.

Tumalizie na mambo ambayo hayafai kuwekwa hata kama kijana anasema yatapendeza. Mei 2021 tuliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na wenye silaha nao wana telefone. Msiweke siku ya kulipana, njia dhahabu inapopita, idadi ya gramu mliyopata juma hili, wala picha za PDG wa shimo akiwa na mzani mkononi. Orodha ya wanachama na nimero zao ibaki kwenye kitabu. Nimero ya biro na barua-pepe ya koperative zinatosha, pamoja na jina la mutu mmoja aliyekubali mbele ya kamati yote kwamba lake liandikwe. Na kijana anayetengeneza tovuti akimaliza kazi, akilipwa yake yote na kushukuriwa, siku hiyohiyo badilisheni maneno ya siri, yeye mwenyewe akiwepo.