Toba Haiishii Kwenye Machozi

Kuna maneno matatu ambayo waumini wengi huyachanganya: kujuta, kuungama na kutubu. Kujuta ni kuumwa na moyo kwa lililotendeka. Kuungama ni kulitamka. Kutubu ni kugeuka. Neno toba, tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kurejea; na lile la Kiyunani linalotumika katika Agano Jipya, metanoia, maana yake ni kubadili nia. Mtu aweza kujuta asiungame, tena aweza kuungama asitubu. Hapo ndipo wengi wanaodhani wameianza safari ya imani hubaki wamesimama pale pale.

Eneo la Shinyalu, nchini kwa Waisukha, ni darasa jema la jambo hili. Wamishonari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, wakaleta sakramenti ya kitubio, ambamo muumini huungama faraghani mbele ya padri. Kusini mwa hapo, katika misheni ya Wafrendi ya Kaimosi iliyoanzishwa mwaka 1902, ulizuka mwamko mkubwa mwaka 1927. Baada ya mahubiri ya mmishonari Mmarekani, Arthur Chilson, watu walisali kwa sauti kuu, wakalia, wakatangaza dhambi zao mbele ya mkutano. Wafrendi, waliozoea ibada za utulivu, walifadhaika. Baadhi ya waliopata mwamko huo walikatazwa kuabudu kwa namna yao, wakajitenga, na miongoni mwao likazaliwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli, aliyetoka katika misheni ya Kipentekosti ya Nyang'ori, alianzisha kanisa la African Israel Nineveh, ambalo nalo lilikazia maungamo ya hadharani.

Basi mwenyeji wa sehemu hizi amezijua njia zote mbili, ya faragha na ya hadhara. Mabishano juu yazo yamekuwa marefu, lakini mara nyingi yamehusu sauti: je, dhambi itajwe kwa mnong'ono au kwa kilio? Swali zito zaidi ni hili: baada ya kutajwa, kilifuata nini?

Huko Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, limesimama jiwe refu maarufu liitwalo jiwe liliaalo. Maji hutiririka kutoka kileleni mithili ya machozi, na wageni hufunga safari kulitazama. Ni ajabu ya kupendeza. Hata hivyo, pamoja na machozi yote hayo, jiwe halijasogea hata hatua moja. Wako waumini wa namna hiyo. Kila mkutano wa injili huwakuta mbele, nyuso zimelowa. Kila Jumatatu huwakuta katika shughuli zile zile.

Yohana Mbatizaji aliutambua udhaifu huu. Makundi yalipomwendea kubatizwa na kumuuliza wafanye nini, hakuwaagiza walie zaidi. Luka aeleza kwamba aliwataka wenye kanzu mbili wagawane na asiye nayo, watoza ushuru wasizidishe kiwango kilichowekwa, na askari waache kuwaonea watu na waridhike na mishahara yao. Kila mtu alipewa toba ya kazi yake.

Zakayo wa Yeriko naye alifanya vivyo hivyo. Wakenya walilikumbuka jina lake katika maandamano ya kupinga kodi mwaka 2024, walipoimba wakimtaka Zakayo ashuke mtini. Lakini katika Injili kushuka kulikuwa mwanzo tu. Baada ya kushuka aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu malipo mara nne. Toba yake ilikuwa na hesabu.

Tulete basi hesabu hiyo shuleni. Kabla ya mitihani ya taifa shule nyingi huandaa siku ya maombi. Watahiniwa hupiga magoti na huombewa. Ni desturi njema. Lakini mwanafunzi aliyejificha kikaratasi cha mwakenya soksini hahitaji kuombewa kalamu; ahitaji kukitoa na kukitupa. Aliyeiba kitabu cha mwenzake akirudishe. Mwalimu aliyepokea mshahara wa vipindi asivyofundisha ana deni kwa darasa lake, na deni hilo halilipwi kwa wimbo wa sifa.

Atasema mtu kwamba kwa kusisitiza malipo tunaugeuza msamaha kuwa bidhaa. La hasha! Mwana mpotevu alikumbatiwa kabla hajaimaliza hotuba aliyoitunga njiani. Msamaha haukununuliwa. Lakini ilimlazimu ainuke, awaache nguruwe, na aifuate njia ya nyumbani. Neema humngoja mtu mlangoni, naye hana budi kutembea.

Hapa pana neno kwa walimu na wazazi. Mwanafunzi akijua kwamba kukiri kosa ni kufukuzwa siku iyo hiyo, atajifunza kuficha kwa ustadi zaidi. Shule inayotaka toba haina budi kuiacha njia ya kurudi wazi: adhabu ya haki iwepo, fidia iwepo, na baada ya hayo jina la mtoto lisiburuzwe gwarideni mwaka mzima. Yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu hakukosea hesabu za mali. Alikosea alipokataa kuingia nyumbani.

Martin Luther, katika hoja zake 95 za mwaka 1517, alianza kwa kufundisha kwamba maisha yote ya muumini ni toba. Ndiyo maana yaitwa mwanzo wa safari. Hatua ya kwanza huonyesha mwelekeo, na kila hatua ifuatayo huhitaji mwelekeo ule ule. Asiyegeuka leo, hata akikaza mwendo namna gani, anazidi kuliacha lango nyuma yake. Kwa hiyo msomaji, kabla ya kuuliza ni lini ulilia kwa ajili ya dhambi zako, uliza ni nani anayekudai, kisha uende kwake.