Mbingu zinapanuka au zinasinyaa? Shahidi ni nuru yenyewe



Ndugu msomaji, mji wa Mpanda mkoani Katavi una neema ambayo wakazi wa miji mikubwa wamenyimwa na wingi wa taa. Mtu akitoka msikitini baada ya swala ya Isha katika miezi ya kiangazi, akasogea kidogo nje ya mji kuelekea upande wa Sitalike, huona ukanda mweupe wa nyota ukikatiza mbingu kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Chini ya mbingu kama hizo, baada ya darsa, kijana mmoja wa sekondari alituuliza swali ambalo tuliona si haki kulijibu kwa haraka.

Alisema: "Ustaadh, tunafundishwa kwamba ulimwengu unapanuka, na wahadhiri wanatuambia kwamba jambo hilo limo ndani ya Qur'an. Ni nani aliyesimama pembeni akauona ukipanuka? Kama ungekuwa unasinyaa, wangejuaje? Na kesho wakisema unasinyaa, aya tutaiweka wapi?"

Kijana yule hakukusudia ukaidi. Alikuwa anaihofia imani yake isije ikasimama juu ya jambo asilolielewa. Aya inayotajwa ni ya 47 katika Suratudh-Dhaariyaat, inayozungumzia ujenzi wa mbingu na upana wake. Nyingine ni aya ya 104 ya Suratul-Anbiyaa, inayozungumzia siku mbingu zitakapokunjwa. Wako wanaoifunga ya kwanza na kupanuka kwa ulimwengu, na ya pili na kusinyaa kwake. Kabla ya kuwakubali au kuwakataa, ni wajibu wetu kwanza tufahamu wanafalaki wamejua nini na wamekijuaje.

Honi ya treni

Wakazi wa Mpanda wameishi na reli itokayo Kaliua kwa zaidi ya miaka 70. Anayesimama kando ya reli hiyo wakati treni inapita huku ikipiga honi husikia jambo la ajabu kidogo. Treni inapokuja, sauti ya honi huwa nyembamba. Inapompita na kuanza kwenda zake, sauti hushuka ghafla na kuwa nzito. Dereva hakubadilisha honi. Kilichobadilika ni mawimbi ya sauti: chombo kinachokuja huyasukuma yakasongamana, na kinachokwenda huyaacha yakirefuka.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1842 na mwanachuoni wa Austria, Christian Doppler. Mwaka 1845 Buys Ballot wa Uholanzi alilijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta ndani ya treni karibu na mji wa Utrecht, huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Masikio yao yakathibitisha.

Nuru nayo husafiri kwa mawimbi. Chanzo chake kikija kwetu, mawimbi husongamana na rangi husogea upande wa buluu. Kikitukimbia, mawimbi hurefuka na rangi husogea upande wa wekundu. Lakini mtu atauliza: tutajuaje kuwa nyota ni nyekundu kwa sababu inakwenda mbali, wala si kwa sababu ndiyo rangi yake ya asili?

Jibu limo jikoni. Chukua punje ya chumvi ya Uvinza, uitie katika mwali wa buluu wa jiko la gesi. Mwali utageuka manjano papo hapo, na manjano hiyo haibadiliki, iwe chumvi imetoka Uvinza au baharini. Kila elementi ina rangi zake maalumu, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Nuru ya nyota ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika kama upinde wa mvua, na ndani yake huonekana mistari ya haidrojeni, ya sodiamu, ya kalisi. Mpangilio wa mistari hiyo unajulikana kutokana na vipimo vya maabara. Mpangilio wote ukionekana umehama kwa pamoja kuelekea wekundu, hapo si suala la rangi ya asili tena.

Walichokiona

Mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa katika kituo cha Lowell huko Arizona, Marekani, alianza kupima mawingu ya nuru ambayo leo tunayaita galaksi. La kwanza lilikuwa Andromeda. Wingu hilo si geni kwa Waislamu, kwani Abdul-Rahman al-Sufi alilieleza kama kiwingu kidogo katika kitabu chake cha nyota, yapata mwaka 964, zaidi ya miaka 600 kabla ya darubini kuelekezwa mbinguni. Slipher alikuta mistari yake imehamia upande wa buluu: Andromeda ilikuwa inatujia kwa takriban kilomita 300 kwa sekunde.

Lau angeishia hapo, pengine tungeambiwa ulimwengu unasinyaa. Lakini aliendelea, na kufikia mwaka 1917 alikuwa amepima galaksi 25, na 21 kati ya hizo zilikuwa zikienda mbali. Kisha Edwin Hubble, akitumia nyota zinazofifia na kung'aa kwa majira maalumu, kwa kanuni iliyogunduliwa na Henrietta Leavitt, alipima umbali wa galaksi hizo. Mwaka 1929 alitangaza kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali zaidi, ndivyo inavyokwenda kwa kasi zaidi. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa amekwisha kulifikia jambo hilo mwaka 1927, na kabla yake, mwaka 1922, Alexander Friedmann wa Urusi alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unaweza kupanuka na unaweza pia kusinyaa.

Je, maana yake ni kwamba sisi tuko katikati na vyote vinatukimbia? La. Chukua ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo, uutie alama za chaki kila baada ya inchi moja, kisha uuvute. Simama kwa mawazo juu ya alama yoyote: nyingine zote zitakukimbia, na iliyo mbali mara mbili itakwenda kwa kasi mara mbili. Hakuna alama iliyo kitovu. Aidha, galaksi hazipiti katika nafasi iliyotulia kama treni ipitavyo juu ya reli. Ni nafasi yenyewe inayotanuka, na wimbi la nuru hurefuka likiwa njiani. Ama Andromeda, iko karibu nasi, umbali wa miaka milioni 2.5 kwa mwendo wa nuru, na mvutano baina yake na galaksi yetu umeshinda utanukaji. Jirani mmoja kukusogelea si dalili kwamba mji mzima unahamia kwako.

Kama ungekuwa unasinyaa

Sasa tulijibu swali la kijana. Katika ulimwengu unaosinyaa, galaksi kwa jumla zingeonyesha mistari iliyohamia buluu. Lakini hapa pana siri moja. Nuru ni mjumbe anayechelewa. Galaksi iliyo mbali kwa miaka bilioni moja ya mwendo wa nuru inatuletea habari za miaka bilioni moja iliyopita, na safari ya nuru hiyo imepita katika zama za kupanuka. Kwa hiyo lau ulimwengu ungegeuka na kuanza kusinyaa, wa kwanza kugeuka buluu wangekuwa majirani, ilhali galaksi za mbali zingebaki nyekundu kwa muda mrefu.

Wala wanafalaki hawakutegemea shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni nyota zinazolipuka. Nuru ikirefushwa mara mbili njiani, basi mlipuko uliodumu siku 20 kule ulikotokea huonekana hapa ukidumu siku 40. Na hivyo ndivyo ilivyopimwa. Shahidi wa tatu ni mabaki ya nuru ya mwanzo, yaliyogunduliwa mwaka 1965 na Arno Penzias na Robert Wilson. Leo mabaki hayo yana joto la nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, na vipimo vya mawingu ya gesi ya mbali vinaonyesha kwamba zamani yalikuwa na joto zaidi. Ulimwengu unaopanuka hupoa, na unaosinyaa ungepashika moto.

Mizani ya mbingu

Likabaki swali la pili: je, upanukaji huu utasimama siku moja na kurudi nyuma? Jiwe lililorushwa juu hurudi kwa kuwa dunia inalivuta. Vivyo hivyo, maada iliyomo ulimwenguni ikiwa nyingi vya kutosha, mvutano wake ungeweza kuushinda upanukaji. Ikawa lazima ulimwengu upimwe uzito.

Katika kazi hiyo Afrika Mashariki ina fungu lake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo ilikuwa ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, na satelaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Iligundua kwamba baina ya galaksi zilizokusanyika pamoja mna gesi yenye joto kali mno, isiyoonekana kwa macho. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba katika makundi makubwa gesi hiyo ni nzito kuliko nyota zake zote.

Hata hivyo, maada yote ikijumlishwa, pamoja na ile ya giza isiyotoa nuru, ni kama theluthi moja tu ya kiasi ambacho kingehitajika. Kisha mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Saul Perlmutter na jingine likiwa na Brian Schmidt na Adam Riess, yalikuta kwamba upanukaji haupungui kasi bali unaongezeka. Kinachousukuma kikaitwa nishati ya giza, jina ambalo bado halijatuambia ni kitu gani. Na mwaka 2024 na 2025, vipimo vya mradi wa DESI huko Arizona vikatoa dalili kwamba huenda nishati hiyo inadhoofika kadiri zama zinavyopita. Jambo hilo bado halijathibiti.

Tofautisha mambo matatu

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye funzo. Liko jambo lililopimwa: kwamba ulimwengu unapanuka sasa. Liko linalokisiwa: kwamba utaendelea hivyo daima. Na liko la ghaibu: siku ya Kiyama na namna mbingu zitakavyokunjwa, ambalo elimu yake iko kwa Mola peke yake. Mwenye kuchanganya la pili na la tatu hujitia katika hatari ile aliyoihofia kijana wa Mpanda.

Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, aliifahamu aya ya Adh-Dhaariyaat kuwa inazungumzia upana wa mbingu, na wafasiri wengine walilifahamu neno hilo kwa maana ya uwezo. Imani yao haikupungua kwa kutomjua Hubble. Nasi tukiona kwamba maneno ya aya yanaafikiana na vipimo vya leo, tushukuru na tuzidi kutafakari, lakini tusiseme kwamba aya imethibitishwa na darubini, kwani mwenye kusema hivyo ameipa darubini haki ya kuikanusha kesho.

Tulimwambia kijana yule kwamba hakuna aliyesimama pembeni akauona ulimwengu ukipanuka. Shahidi ni nuru, iliyosafiri zama na zama hadi ikafika, nasi tukajifunza kuisoma. Na kuijua namna ya kuusoma ushahidi ni bora kuliko kulibeba jibu bila hoja yake. Akaondoka, na kabla ya kuingia kwao tulimwona amesimama njiani, ameinua uso kutazama juu.

Wallahu a'lam.