Miti Mizee ya Barabarani na Gharama ya Kuibadili

Hapana dhana nikutanayo nayo mara nyingi, kila yaanzapo mazungumzo ya miti ya Nairobi, kama ile isemayo kwamba mji ukitaka kubadili miti yake mizee sharti ununue miche mirefu ya thamani kubwa, ipate kuonekana siku ile ile ipandwapo. Nayo imeenea kwa maofisa na kwa wakazi wa mtaa wa Nyayo Highrise sawasawa, ingawa ni potofu.

Nilikusudia kueleza kwa taratibu mambo matatu, yaani kuchagua, kupanda na kutunza, lakini mizizi ndiyo asili ya yote, wala haipitiki kwa haraka. Chana mfuko wa mche wa mjakaranda uliofika kifuani, uliokaa kitaluni kupita muda wake, na chini utaona pete nene ya mizizi iliyojisokota kama kamba ya dau. Ukiupanda hivyo hivyo pete ile hainyooki, bali hunenepa pamoja na shina hata ikalikaba, na miaka ikipita mti huangushwa na upepo wa masika, watu wakasema una mkosi. Mche wa kimo cha goti, uliotolewa mfukoni kabla mizizi haijazunguka, huushika udongo mapema, na aghalabu huufikia ule mrefu baada ya miaka michache, ilhali bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mwenzake.

Habari za mikosi sina subira nazo. Mugumo wa Waiyaki Way, uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya juu, uliokolewa kwa amri ya Rais mwezi wa Novemba 2020, na wapo waaminio hata leo kwamba mugumo ukianguka hubashiri kuanguka kwa utawala. Mti ule ulistahili kuishi kwa kivuli chake na kwa ndege walao tini zake, na hoja hiyo yatosha. Kadhalika ni imani tupu kudhani kwamba chokaa ipakwayo mashinani huponya mti uliooza kiini.

Mijakaranda yetu, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, mingi ilipandwa kwa safu zama za ukoloni, na safu iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja. Kuikata yote kwa mkupuo ni israfu: panda kwanza katika mapengo, kisha ondoa mizee kwa zamu, iliyo hatari ikitangulia. Tena changanya aina, muringa, mukinduri na Nandi flame, maana maradhi ya mielmu yaliacha wazi barabara nyingi za Ulaya na Marekani zilizotegemea mti mmoja. Mwaka 1990 mtaalamu wa miti Frank Santamour alishauri aina moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji.

Tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa sikukuu ya kupanda miti, kwa azma ya miche milioni 100, na tangu hapo kuhesabu mashimo kumekuwa fahari ya kila mkutano, ilhali gharama ya kweli imo katika maji ya misimu miwili ya kiangazi. Wa kuinywesha wapo: mtaa wa Kibera una vijana wenye nguvu, na mradi wa serikali wa Kazi Mtaani, mwaka 2020, uliwalipa ujira wa kutwa kwa usafi wa mitaa. Ujira kama huo waweza kulipia unyweshaji. Basi, msomaji, katika kikao kijacho cha mtaa wako dai jina la atakayeinywesha miche Januari na Februari, na malipo yake yaandikwe katika bajeti kabla shimo la kwanza halijachimbwa.