Kuchanika kwa Mshipa Mkuu wa Damu: Aina Mbili na Hatua za Kuchukua

Mshipa mkuu wa damu, yaani aota, hupanda kutoka moyoni, hupinda kifuani na kushuka hadi tumboni. Ukuta wake una matabaka matatu. Tabaka la ndani likichanika, damu hupenya kati ya matabaka na kuyatenganisha. Chanzo kikubwa ni shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa.

Aina A hugusa sehemu inayopanda kutoka moyoni. Huhitaji upasuaji wa haraka, kwani bila tiba hatari ya kifo huongezeka kwa asilimia 1 hadi 2 kila saa katika siku mbili za mwanzo. Aina B haigusi sehemu hiyo. Mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kushusha shinikizo. Dalili pekee hazitofautishi aina hizo. Huhitajika kipimo cha picha.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Mjimwema. Hivyo, maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo yasisubiri kuche. Mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja ili rufaa ianze mapema. Mwenye shinikizo la damu naye asiache dawa kwa kujiona amepona.