Pumzi Fupi za Pafu Lililopigwa Mionzi

Msomaji anauliza: je, saa ya mkononi inayohesabu pumzi inaweza kumgundua mtu aliyepigwa na mionzi? Siku ya kwanza, hapana. Kwenye ajali ya nyuklia ya Chernobyl, mwaka 1986, watu 134 walithibitishwa kuugua kwa mionzi, na kilichotazamwa kwanza ni kutapika kumeanza saa ngapi na chembe nyeupe za damu zinapungua kwa kasi gani. Pumzi huja baadaye sana, na hapo ndipo pananoga.

Pafu lina mamia ya mamilioni ya vifuko vya hewa, kila kimoja na upana wa milimita 0.2 hivi. Vingenywea vyote kama si majimaji yenye mafuta yanayotolewa na seli maalumu ndani yake. Surfakitanti, wasemavyo wataalamu, linakwama kooni. Mimi nayaita kilegezapafu, na asiyelipenda alete lake. Mionzi mingi ikipiga kifua, seli hizo huumia, uvimbe hufuata, na wiki au miezi baadaye pafu hukakamaa.

Mwili sasa hupiga hesabu ya mchota maji. Mwenye mkono mzima hujaza ndoo. Mwenye mkono unaouma huchota nusu na kuongeza safari. Pafu gumu ni kazi kulitanua, basi pumzi hufupishwa. Balaa ni kwamba njia ina mashimo, na kila safari humwagika kiasi kilekile, ndoo ijae isijae. Kifuani, kiasi hicho ni kama mililita 150 zinazoishia kwenye koo na mirija. Pumzi ya mililita 500 hufikisha 350. Kwa mara 12 kwa dakika, hizo ni lita 4.2. Ifupishe iwe 300: zinafika 150 tu, na ili lita 4.2 zitimie, itabidi mtu apumue mara 28!

Panya wa maabara waliopigwa mionzi wamehesabiwa pumzi kwa miongo kadhaa. Kwa binadamu, naona faida zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya matiti au mapafu wanaopata tiba ya mionzi, kama pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Uvimbe wa pafu uletwao na mionzi hujitokeza kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya tiba, mgonjwa keshaondoka wodini zamani. Malaria na nimonia nazo huharakisha pumzi, sawa. Ahesabiwe akiwa usingizini, alinganishwe na hesabu yake ya kabla ya tiba. Ikipanda, na kikohozi kikavu kikaandamana nayo, arudi apigwe picha ya kifua. Dawa za steroidi hutuliza uvimbe huo zikiwahi.