Mpeleke Mtoto Sanje, Jiwe la Nyoka Liache

Likizo ya shule ikikaribia, simu yangu haitulii. Mzazi wa Kibaoni, mwalimu wa Mang'ula, katekista anayepanga matembezi ya watoto wa Jumapili: wote wana swali moja. Hawaniulizi kama maporomoko ya Sanje yana maji mwezi huu, wala kama mtoto wa miaka sita ataimudu njia ya kupandia. Wanauliza, "Daktari, jiwe la nyoka la uhakika linapatikana wapi?" Juzi kaniuliza mtu mwenye shahada mbili. Kwa hiyo leo naandika, ili anayetaka kuuliza tena nimtumie gazeti.

Jibu: usilitafute. Na kama umeshauziwa, pole, maana umenunua mfupa. Lile "jiwe" ni mfupa wa ng'ombe, mara nyingi wa paja, uliokatwa vipande, ukasuguliwa ukawa laini, kisha ukachomwa kwenye makaa mpaka ukageuka mweusi. Hakuna siri ya mababu hapo. Namna ya kulitengeneza imesambazwa Afrika nzima, hata kwa vipeperushi, na wamisionari wana mkono mkubwa katika kulieneza. Ndiyo maana utalikuta kwa mganga na utalikuta kwa sista, na kila mmoja anaapa kwamba lake ndilo halisi.

Masharti yake wengi mnayajua. Chanja kidogo palipoumwa hadi damu itoke, weka jiwe, litanata. Likinata, ati linanyonya sumu. Likishiba litadondoka lenyewe. Halafu lichemshe kwenye maziwa. Ukiona mapovu, ati linatapika sumu, na sasa liko tayari kwa mgonjwa mwingine.

Tuanze na kunata. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo mno visivyohesabika, na vitundu hivyo hufyonza umajimaji wowote. Ukiugusisha kwenye ulimi wako wewe usiyeumwa na chochote, utanata vilevile. Hudondoka vitundu vikijaa au damu ikiganda. Na mapovu? Ni hewa inayotoka kwenye vitundu maziwa yanapoingia. Chukua jiwe jipya lisilowahi kumgusa mgonjwa, litumbukize kwenye bakuli la maji, utaona mapovu yaleyale. Jaribio hilo halihitaji maabara, linahitaji bakuli tu, lakini sijapata muuzaji aliyekubali kulifanya mbele ya wateja.

Sasa sumu yenyewe. Meno ya kifutu ni marefu, na huiacha sumu chini ya ngozi, pengine ndani ya nyama. Haibaki pale juu ikisubiri kufyonzwa. Ndani ya dakika chache imeshaanza safari kupitia mishipa ya limfu na ya damu. Jiwe limekaa juu ya ngozi likinywa matone ya damu uliyoitoa wewe mwenyewe kwa wembe.

"Lakini daktari, lilimponya babu yangu." Hapa ndipo ninapochoka. Nyoka wengi wa nchi hii hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Na hata wenye sumu kali huuma mara nyingi bila kuitoa, kwa sababu sumu wanaihitaji kwa kuwinda, na wewe huliwi. Kwa hiyo wengi wanaoumwa wangepona hata kama wangebandikwa kizibo cha soda. Babu alipona kwa sababu hiyo, na sifa ikaenda kwa mfupa. Tazama pia jinsi dawa hii ilivyojiwekea kinga. Jiwe lisiponata, wanasema nyoka hakuwa na sumu. Likinata na mtu akapona, limemponya. Likinata na mtu akafa, mmechelewa, au jiwe lilikuwa limechoka. Dawa isiyoweza kushindwa kwa matokeo yoyote haijapimwa.

Wengine wameipima, tena zamani. Mwaka 1671 daktari Mwitaliano, Francesco Redi, alichapisha barua ndefu kwa padri msomi Athanasius Kircher, aliyeyaamini mawe ya namna hii yaliyokuwa yakiletwa Ulaya kutoka India. Redi aliyajaribu kwa wanyama na hayakufua dafu. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Jean-Philippe Chippaux walichapisha majaribio ya jiwe jeusi kwa panya waliodungwa sumu za nyoka watatu wa Afrika, kifutu akiwamo. Jiwe halikuleta nafuu. Zaidi ya karne tatu kati ya jaribio na jaribio, jibu lilelile, na bado napigiwa simu.

Utasema basi, kama halisaidii, haliumizi; nilibebe tu kwa kutuliza moyo. Hapana, linaumiza. Kuna nyoka wa mitini, boomslang, na binamu yake mwembamba anayefanana na kijiti kikavu, ambao sumu yao huvuruga kuganda kwa damu na hufanya kazi polepole. Mtoto ameumwa saa nne asubuhi, jiwe limebandikwa, jioni anacheza na kula wali. Familia inashangilia. Kesho yake fizi zinatoka damu. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa nyoka wa Marekani, Karl Schmidt wa Chicago, aliumwa na boomslang mchanga. Akaona si jambo kubwa, akakaa nyumbani akiandika dalili zake daftarini, na siku iliyofuata akafariki. Kama mtu aliyesomea nyoka maisha yake yote alidanganywa na utulivu wa saa chache, wewe na mfupa wako mtausoma vipi? Tena huyo mtoto ambaye damu yake haigandi ndiye mliyemchanja kwa wembe. Na jiwe lililokunywa damu ya watu watano kabla yake halijasafishwa ukimwi wala homa ya ini kwa kuchovywa kwenye maziwa.

Kwa mtoto hesabu ni mbaya zaidi. Nyoka hapunguzi dozi kwa kuwa aliyeumwa ni mdogo; sumu ya kumvimbisha mtu mzima mguu inaingia kwenye mwili wa kilo kumi na tano. Kila nusu saa iliyopotea kulisubiri jiwe lidondoke imetolewa kwenye muda wa kufika hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliingiza tatizo hili kwenye orodha yake ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Dawa ya kweli, antivenomu, ni ghali na haipo kila zahanati. Hilo ni la kulalamikiwa, na mimi ni wa kwanza kulalamika. Lakini uhaba wa dawa haugeuzi mfupa kuwa dawa.

Hospitali inafanya nini ambacho jiwe haliwezi? Jambo la kwanza linakera kwa urahisi wake: damu kidogo inawekwa kwenye chupa safi ya kioo, inaachwa dakika ishirini bila kuguswa, kisha inainamishwa. Ikiwa bado inatiririka kama maji, sumu inafanya kazi, na tunajua la kufanya. Isipoonyesha kitu, mtoto hubaki chini ya uangalizi, hata usiku kucha, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Kama ni koboko aliyemuuma na kifua kinaanza kushindwa kuvuta pumzi, kuna watu wa kumsaidia kupumua.

Akiumwa huko mliko, fanyeni haya bila kubishana. Ondokeni alipo nyoka. Msimkimbize, msimuue, hatumhitaji hospitalini. Mlazeni mtoto, mguu au mkono ufungwe kwa kipande cha mti kana kwamba umevunjika, asitembee. Vueni viatu, bangili na shanga kabla uvimbe haujaja. Msifunge kamba ya kukaza, msichanje, msinyonye, msipake mafuta ya taa. Kama ni swila kamtemea machoni, maji safi, mengi, kwa muda mrefu. Kisha gari. Mlio upande wa Ifakara, hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko ndiyo mnayoijua. Basi.

Sasa matembezi, ambayo ndiyo mlipaswa kuniuliza. Watu wa mjini hapa hulalamika kwamba Ifakara haina pa kupeleka mtoto, wakati wazungu wanapanda ndege kuja kuona vilivyo nyuma ya nyumba zetu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara ndani. Ni ya miguu, na lango liko Mang'ula. Mtoto mdogo mpelekeni maporomoko ya Prince Bernhard, njia fupi karibu na makao makuu. Wakubwa wapande Sanje, maji yanayoshuka mita 170 hivi, na humo njiani wanaweza kukutana na mbega mwekundu, au yule nyani wa Sanje ambaye wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979. Viatu vya kufunika mguu, si kandambili. Macho kwenye njia. Mkono usiingizwe kwenye shimo wala chini ya gogo. Askari wa hifadhi atangulie. Hivyo tu ndivyo mnavyojikinga na kifutu, ambaye kosa lake kubwa ni kulala pale unapokanyaga.

Msioiweza milima, nendeni Kivukoni. Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018 pale tulipokuwa tukisubiri kivuko, linawapa watoto mto mzima wa kutazama, na kwenye matete kuna mnana wa Kilombero, ndege asiyepatikana kwingine duniani nje ya bonde hili, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1990 tu. Darubini ya kuazima inatosha. Treni ya TAZARA kwenda Mlimba ni sherehe kwa mtoto asiyewahi kupanda treni, ila ulizeni stesheni siku hiyohiyo, ratiba ya ukutani msiiamini. Na mkifika msitu wa Magombera, wasimulieni watoto kinyonga wake: mtafiti Andrew Marshall alimshtua yule nyoka mwembamba kama kijiti aliyekuwa akila, nyoka akautema mlo wake akakimbia, na mlo huo ukawa kinyonga asiyejulikana kwa sayansi, akatangazwa mwaka 2009. Nyoka ndiye aliyekimbia, kama kawaida yao.

Kuhusu hatari, ikiwa mnataka kuogopa kitu, ogopeni maji. Shirika la Afya Duniani linaweka kuzama majini nafasi ya tatu kati ya visababishi vya vifo vya watoto wa miaka 5 hadi 14, duniani kote. Mto Kilombero una mamba na viboko. Mtoto asiingie hata kunawa miguu, na jioni kiboko anapotoka kwenda malishoni muwe mmeshaondoka ukingoni. Mtumbwi usio na jaketi okozi kwa kila mtoto msipande, hata mwenye mtumbwi akiwa shemeji yako. Lumemo mnayoiona ndogo hapa mjini hujaa ghafla mvua ikinyesha milimani, ingawa hapa kwetu jua linawaka. Na watoto watatu juu ya bodaboda moja kwenda kuangalia daraja, sitaki hata kulijadili.

Walimu mnaopanga safari za Juni, mwezi mzuri kwa sababu mawe ya Sanje hayatelezi kama wakati wa masika: kabla ya kukusanya michango ya wazazi, pigeni simu hospitali muulize kama antivenomu ipo wiki hiyo, na gari likodiwe kwa siku nzima. Gari linaloshusha watoto getini na kuondoka hadi jioni halitoshi. Fedha ya jiwe ongezeni kwenye mafuta.