Mtama wa Stefania

Murara hakulimwi. Mtaa wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilituongezea mengine: moto ukashuka mpaka katikati ya mji wa Goma, ukapoa, nasi tukajenga juu yake. Viazi na kabichi tunaletewa kutoka Kibumba, maharagi kutoka Rutshuru, maziwa na jibini kutoka Masisi, samaki wadogo waitwao sambaza kutoka ziwani. Kila asubuhi akina mama wanavuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, na kurudi, mizigo kichwani. Maharagi tunapimiwa kwa kopo la Guigoz, na muuzaji akilipima bila kulijaza mpaka juu, jirani wote watajua kabla ya jua kuzama. Watu wa namna hii hawawezi kumdharau mwandishi anayekichukulia chakula kwa uzito.

Mwandishi huyo kwangu ni Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda anayeishi Normandie, Ufaransa. Wazungu humtambulisha kama mwandishi wa mauaji ya kimbari ya 1994, na hawakosei. Lakini mimi nimefundisha Kifaransa katika sekondari za mji huu miaka mingi, nimesoma vitabu vyake na wanafunzi, na ninasema hivi: katika eneo lote la Maziwa Makuu sijaona anayeandika juu ya chakula kumzidi. Hatoi mapishi. Hana gramu wala vijiko. Anaeleza nani alikula nini, nani alikula kwanza, nani alilala bila kula, na nani alitaka hali iwe hivyo.

Alizaliwa 1956 katika eneo la Gikongoro, kusini mwa Rwanda. Mwaka 1960, baada ya machafuko yaliyoanza 1959, familia yake ilipakiwa pamoja na Watutsi wengine ikapelekwa Nyamata, katika Bugesera, pori kavu la wanyama na mbung'o. Wakatupwa huko waanze upya. Baba yake aliitwa Cosma, mama yake Stefania. Walikuwa watu wa ng'ombe, na sasa ng'ombe hawakuwepo. Asiyewajua wafugaji atadhani hasara hiyo ni ya mali tu. Ng'ombe akienda, maziwa ya mtoto yanaenda, mahari inaenda, hata mazungumzo ya wanaume jioni yanakosa pa kuanzia. Mukasonga ameliandika hilo katika hadithi fupi kuhusu utukufu wa ng'ombe, iliyomo katika L'Iguifou, mkusanyiko wa 2010.

Hadithi ya kwanza ya mkusanyiko huo inahusu njaa yenyewe, inayosimuliwa kama kiumbe anayeishi tumboni na kumwamsha mtoto usiku. Mtoto anazimia. Uji ndio unaomrudisha. Nimewahi kuisoma darasani saa tano asubuhi, saa ambayo wanafunzi wengi wa Goma hawajatia kitu mdomoni tangu jana yake, na nikajilaumu kwa kuchagua saa hiyo. Hakuna aliyecheka wala kuchungulia dirishani.

Shule kwake ilikuwa kama kupenya tundu la sindano. Watutsi walitengewa nafasi chache mno za sekondari, naye akapata moja, Notre-Dame-de-Cîteaux mjini Kigali, kisha akaingia chuo cha ustawi wa jamii Butare. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na vyuoni. Nyumbani Nyamata wazazi wakakaa, wakachagua: yeye na kaka yake André wavuke kwenda Burundi, ili angalau wawili wabaki kuulinda ukoo. Alimalizia masomo Burundi, na mwaka 1992 akafika Ufaransa, akafanya kazi ya ustawi wa jamii. Miaka miwili baadaye makumi ya watu wa familia yake waliuawa. Stefania alikuwa mmojawapo.

Alikaa miaka kumi bila kukanyaga Rwanda. Alirudi 2004, akaona pale palipokuwa nyumbani pamekuwa kichaka, na mwaka 2006 akatoa kitabu chake cha kwanza, Inyenzi ou les Cafards. Alikuwa na umri wa miaka kama hamsini. Huwa nawatajia umri huo wanafunzi wanaodhani mtu asiyeandika kitabu akiwa na miaka ishirini amechelewa.

Mwaka 2008 kikaja kitabu ninachokipenda kuliko vyote, La femme aux pieds nus. Stefania alikuwa amewaagiza mabinti zake kwamba akifa waufunike mwili wake kwa kitenge, kwa kuwa maiti ya mama haitazamwi. Mukasonga hakupata mwili wa kufunika. Basi akaandika kitabu kuwa ndicho kitenge. Mtu angetarajia kilio kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ajabu yake, kimejaa kazi za mama mwenye nyumba: kujenga kibanda cha nyasi cha kienyeji kwa sababu nyumba waliyopewa haikuwa na moyo, kutafuta dawa, kuwatafutia wachumba vijana, na kulima.

Sura ya mtama ndiyo roho ya kitabu. Watoto wanakaa shambani kufukuza ndege. Wanatafuna mabua matamu kama sisi tunavyotafuna miwa. Kisha yanakuja mavuno, na mtama wa kwanza hauliwi ovyoovyo: kuna utaratibu, kuna mkubwa anayeanza. Hiyo ni umuganura. Zamani za ufalme, mfalme mwenyewe ndiye aliyeonja malimbuko kwa niaba ya nchi. Mwaka 1925 Wabelgiji walimhamishia Burundi Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, na sherehe ya ikulu ikafa. Siku hizi serikali ya Rwanda imeirudisha, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ya mapumziko. Kati ya kufutwa na kurudishwa, nani aliyeitunza? Stefania na wenzake. Wanawake wasio na nchi, porini Bugesera, walipika ugali wa mtama mpya na kuwapanga watoto wao kwa zamu ya kuonja. Sijui mwanahistoria aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi katika kurasa chache namna hiyo.

Nilimsimulia sura hiyo mama yangu mkubwa, aliyelima mtama upande wa Rutshuru kabla vita haijamleta mjini. Yeye Kifaransa hakijui, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimoyomoyo na kumwambia kwa Kiswahili, yeye akichambua lengalenga. Kwenye ndege alinikatiza.

"Huyo alikaa shambani kweli," akasema. "Mtu wa mjini angesema mtama unaharibiwa na mvua. Ndege ndio maadui, mwanangu. Ukienda haja ndogo tu, umekwisha."

Halafu akaniuliza kama mama yake yule mwandishi alitengeneza musururu. Nikamwambia pombe ya mtama imo. Akatikisa kichwa, akaridhika, akaendelea na lengalenga zake. Tuzo za Ulaya ni nzuri, ila mimi ile ya mama mkubwa naihesabu ya kwanza.

Kuna pia sura ya mkate, chakula cha dukani, kigeni, cha kutamaniwa. Na kuna kurasa ambazo mama anaweka akiba ya chakula mahali pa siri, tayari kwa mtoto atakayelazimika kukimbilia Burundi usiku. Hapo palinifundisha kitu darasani. Msichana mmoja, ambaye familia yake iliwahi kukaa katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, aliinua mkono akasema mama yake naye alifunga chakula kwenye kitenge walipokimbia, lakini kwa haraka alifunga maharagi mabichi. Njiani hawakuwa na sufuria, maji wala makaa. Walitembea na chakula kichwani huku wana njaa. Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu kitabu hiki, na sijakuta iliyonifafanulia vizuri kuliko binti huyo kwa nini Stefania alipanga mapema.

Umaarufu mkubwa ulikuja na riwaya, Notre-Dame du Nil, ya 2012. Ni shule ya wasichana juu milimani, karibu na chanzo cha mto Nile, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako mabinti wa wakubwa wanajifunza adabu za kizungu huku chuki ya kikabila ikipanda kama maziwa jikoni. Novemba 2012 riwaya hiyo ilipewa tuzo ya Renaudot huko Paris, ingawa haikuwemo katika orodha ya mwisho ya waliotarajiwa. Sisi Goma hatukuwa na nafasi ya kushangilia vitabu: tarehe 20 ya mwezi huohuo waasi wa M23 waliingia mjini. Mimi habari ya tuzo ilinifikia baadaye sana. Atiq Rahimi, mzaliwa wa Afghanistan, aliitengenezea riwaya hiyo filamu. Filamu ina mandhari nzuri, lakini haishibishi, maana kilichonivutia mimi kimo bwenini: wasichana wanarudi kutoka likizo na vyakula vya nyumbani, wanavila kwa siri wamechoka na meza ya masista, na wanabishana namna ipi ndiyo sahihi ya kupika ndizi. Ubishi ni wa kuchekesha. Ukiusikiliza vizuri, unasikia kila msichana ametoka wapi na mama yake ni nani. Mwisho wa riwaya baadhi yao watawawinda wenzao, nawe msomaji unakumbuka kwamba walikuwa wanabishana juu ya ndizi.

Katika Kibogo est monté au ciel, ya 2020, amerudi nyuma zaidi, kwenye njaa kuu ya 1943 na 1944, Ruzagayura. Mvua ilikosekana, ndiyo, lakini pia wakoloni walikuwa wanalazimisha watu kazi na kahawa wakati wa vita vyao vya Ulaya. Kahawa hailiwi. Kitabu hicho ni cha kejeli, kina mapadre na mwana wa mfalme aliyepaa mbinguni kutafuta mvua, na kejeli yake ni kali kuliko hotuba. Cœur tambour, ya 2016, sikuipenda. Inazunguka hadi Karibi na ngoma na waimbaji, na mwandishi akiwa mbali na jiko namwona kama amepotea kidogo.

Msomaji anayependa mambo haya atamlinganisha na Yasmin Alibhai-Brown, Mhindi wa Kampala aliyeandika The Settler's Cookbook, kumbukumbu za Waasia wa Uganda zenye mapishi ndani yake. Ni kitabu kitamu, na unaweza kukipeleka jikoni ukapika. Vya Mukasonga huwezi. Vinaeleza jiko ambalo limebomolewa pamoja na mpishi.

Wanafunzi wangu huniuliza, hasa tangu M23 walipouchukua mji tena Januari 2025: "Mwalimu, kwa nini tusome Mnyarwanda?" Siwakemei. Wengine wamezika ndugu. Nawajibu kwamba Mukasonga si serikali, ni mtoto wa mkimbizi, na kwamba waliosababisha wazazi wake watupwe Bugesera walianza kwa kuwaambia majirani ni nani wa kutosomwa, kutosikilizwa na kutokaribishwa mezani. Wapo wanaokubali. Wapo wanaokataa, na hao pia nawapa mtihani uleule.

Kama hujamsoma, anza na La femme aux pieds nus, moja kwa moja sura ya mtama, kisha rudi mwanzo. Fuatia na L'Iguifou, halafu Notre-Dame du Nil. Inyenzi kiache mpaka uwe na utulivu, na usikisome usiku. Matoleo madogo ya Folio ni ya bei ya kuvumilika; wakichanga watu wanne kinanunulika. Na kama kuna mzee kwenu aliyewahi kulima mtama, msimulie sura hiyo kwa Kiswahili, umwache akukatize.